Mrejesho: mtoto wa mbwa aina ya boksa aliyekuwa anaharisha na kung'ata

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu mtoto wangu wa boksa wa miezi mitatu: anaharisha, anang'ata miguu ya watoto, anamrukia kila mgeni.

Tumbo limetulia. Daktari wa mifugo alimpa dawa ya minyoo, akasema tumlishe mara nne kwa siku, kidogo kidogo, na maziwa ya ng'ombe tuyaache kabisa. Sasa anakula chakula cha dukani cha watoto wa mbwa wakubwa, na wali kidogo wenye dagaa wasio na chumvi. Mlioshauri vidonge vya kalsiamu, asante sana, ila daktari amevikataa: kwa mbwa wanaokua haraka hivi, kalsiamu ikizidi huharibu mifupa. Akimaliza kula tunamwacha apumzike, maana boksa ana kifua kirefu na tumbo likijaa gesi linaweza kujisokota. Hilo huua kwa saa chache tu.

Mafunzo ni alfajiri, kabla jua halijachoma; pua fupi ile haistahimili joto. Dakika tano, kisha dagaa mmoja. "Kaa" ameshaijua! Akiruka, sote tunampa mgongo mpaka miguu yote minne iguse chini, na kwa kweli hii ndiyo iliyosaidia kuliko zote. Kung'ata bado kupo jioni akichoka. Tunampa kamba ya kuchezea atafune.

Chanjo ya mwisho ya parvo (ugonjwa hatari wa virusi kwa watoto wa mbwa) bado. Mpaka aipate, hatoki nje ya geti.