Tupeane uzoefu: kuchora vekta ulianzia wapi?

Wakuu, habari za jioni. Hapa Ngamiani, Tanga, vijana wananiuliza sana waanzie wapi kujifunza kuchora nembo na stika. Naanza mimi, nanyi mwongezee.

Nilichagua Inkscape, programu ya kuchora vekta kwenye kompyuta, kwa kuwa ni ya bure, na ukishaipakua hailambi bando. Programu ya vekta haitunzi pikseli, yaani vile vidoti vidogo vya rangi vinavyounda picha. Inatunza nukta ilipo na namna mstari unavyopinda. Ndiyo maana nembo ileile inakaa kwenye kadi na kwenye bango la ukutani bila kupasuka.

Kilichonikomaza ni pindo la kanga. Nilitandaza kanga mezani nikachora korosho moja tu, lile umbo la urembo lililopinda. Kwenye ncha unaweka nukta kali (ya kona), halafu nukta tatu laini (za mkunjo) pale mkunjo unapogeukia, kisha unavuta vishikio vyake, vile vijiti vinavyopindisha mstari, taratibu mpaka tumbo lijae. Nukta nne zinatosha kabisa. Ukijaza ishirini, ukingo unayumba na huwezi kuunyoosha. Ile korosho ukiirudia kwa nakala tegemezi, ukirekebisha ya kwanza zote zinafuata. Niliposhuhudia pindo zima likibadilika kwa mvuto mmoja, usingizi ulinipaa.

*Mdau wa Bagamoyo:*
Asante mkuu. Mimi nilijifunzia Corel, programu nyingine ya kuchora vekta, dukani kwa kaka yangu, baadaye nikahamia Inkscape. Mazoezi yangu yalikuwa maua ya milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe wetu. Chora petali moja. Ibofye mara ya pili, kitatokea kijimsalaba katikati. Kiburute hadi shina la petali. Toa nakala kwa Ctrl+D, izungushe huku umeshika Ctrl, itaruka kwa nyuzi 15. Simama kwenye 45, endelea hivyo, utapata ua la petali nane lisilopinda hata kidogo.

*Dada wa stika, Chumbageni:*
Jamani, msisahau kugeuza maandishi kuwa mchoro kabla ya kupeleka kazi kuchapwa: Shift+Ctrl+C. Kompyuta ya huko isipokuwa na fonti yako inaweka nyingine, na mteja anakuangalia wewe. Wa plota, mashine ya kukata stika, nao waunganishe maumbo yanayopandana, maana kisu kinafuata kila mstari kinaoukuta, kitakata stika katikati ya herufi.

*Mgeni jukwaani:*
Shikamooni. Si rahisi zaidi kuiachia programu igeuze picha yenyewe?

*Mwanzisha mada:*
Marahaba. Inageuza, na kwa picha yenye rangi mbili inafanya vizuri. Ila bofya zana ya nukta uone: mkunjo mmoja umejaa nukta kibao. Ctrl+L inazipunguza, lakini inalainisha na kona ulizotaka zibaki kali. Kwa nembo ya mteja, iweke hiyo picha chini, ifunge isisogee, uchore juu yake kwa mkono wako. Ukikwama, tupia hapa mchoro wako tuuangalie.