Mrejesho: yule mbwa wangu mdogo wa kukojoa kila mahali

Haya jamani nimerudi, mimi yule wa Malindi niliyeuliza kuhusu mbwa wangu wa miezi miwili anayekojoa sebuleni na kulia usiku kucha kizimbani. Kumbe kizimba kilikuwa kikubwa mno, analala pembe hii anakojoa ile, nikaziba nusu kwa ubao akabaki na nafasi ya kusimama na kugeuka tu. Namtoa kila masaa mawili, hata saa nane usiku na macho mekundu, akikojoa pale mchangani chini ya mwarobaini nampa dagaa hapo hapo, ukingoja mrudi ndani hajui kapewa ya nini. Mkeka nimeupiga siki, harufu kwisha. Kizimba nimekileta karibu na kitanda, kulia kumepungua. Ila jana kakojolea kiatu cha mume wangu, hiyo kesi bado inaendelea.