Mzee yuko Lushoto, mimi niko Nairobi: nani ameshatumia tiba mtandao kwa mgonjwa wa kitandani?

Kutoka: wa South B
Jumapili usiku

Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu.

Baba yangu ana saratani ya umio, njia ya chakula. Madaktari wamesema wamefika mwisho wa uwezo wao, tumuuguze nyumbani, kijijini juu ya Lushoto. Uji unapita kwa shida, vidonge havipiti kabisa. Dada yangu ndiye anayemlaza na kumwamsha. Kumpeleka hospitali ya wilaya ni bodaboda, kisha gari, na kwa hali yake kila kona ya mlima ni kilio.

Wiki iliyopita nilimlipa daktari mmoja wa hapa Nairobi anayeona wagonjwa kwa video. Aliongea nami dakika 20, Kiingereza kitupu, mwisho akasema hawezi kumwandikia morfini, dawa ya maumivu makali, mgonjwa aliye Tanzania. Hela imekwenda. Kuna aliyewahi kufanikiwa? Na nikiipata morfini hapa, naweza kuivusha Namanga mwenyewe? Kibali changu cha kazi kinaisha mwezi ujao, siwezi kwenda nikakaa.

Kutoka: wa Umoja
Jumatatu asubuhi

Pole sana kaka. Mimi nilimuuguza mama hivyohivyo kwa miezi saba, yeye Upareni, mimi hapa Umoja na cherehani yangu. Nitakueleza nilipokosea, huenda ukaokoa hela na machozi.

Kosa la kwanza ndilo hilo lako. Nilitafuta daktari aliye karibu na mimi badala ya aliye karibu na dawa. Wa Nairobi anaweza kuwa bingwa wa mabingwa, lakini chupa ya morfini inatoka stoo ya hospitali ya kule, kwa saini ya mtu wa kule. Chukua karatasi ya ruhusa ya Mzee, angalia ilitoka wapi. Kama ni Ocean Road ya Dar au KCMC ya Moshi, ulizia tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi. Usiseme "hospisi" kama wanavyosema hapa, utazungushwa. Waombe wakuunganishe na hospitali ya wilaya, ujue nani ana morfini ya maji na nesi gani anapokea simu. Mimi nilimpata mmoja, mwanamama mwenye sauti ya kukemea, na huyo ndiye aliyekuwa tiba mtandao yetu yote. Programu hakuna. Simu ya kawaida kila Jumanne saa nne asubuhi, na ujumbe mfupi katikati ya wiki.

Kosa la pili linaniuma mpaka leo. Kwa kuwa vocha ni yangu, nikajiona na simu ni yangu. Naunganisha watu watatu, nesi, wifi yangu aliyekuwa anamuuguza mama, na mimi, halafu msemaji ni mimi. Nesi anauliza usiku anaamka mara ngapi, najibu mimi niliyelala Umoja! Siku moja akanikatiza: "Dada, wewe una uchungu, mwenye maumivu ni mwingine. Nipe anayempa dawa ya saa nane usiku." Nikanyamaza. Kisha akamwambia wifi atoe simu kwenye spika, atoke nje nayo. Huko nje ndipo yalipotoka ya moyoni: mama alikuwa anatema dawa kwa kuogopa kuizoea, na alikuwa na siku sita hajapata choo. Angelisemaje hilo wakati kaka zangu wote wamejaa chumbani wakisikiliza?

Tangu hapo nikawa namtumia wifi hela ya bando na kukaa pembeni. M-Pesa ya Safaricom inaingia moja kwa moja kwenye M-Pesa ya Vodacom, upande huo hakuna taabu. Taabu ilikuwa mimi.

Maumivu tuliyapima kwa mkono. Nesi alimfundisha mama: ngumi ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vitano ni yasiyovumilika. Wifi anaandika kwenye daftari la mtoto asubuhi, mchana na usiku, Jumanne anasoma: tatu, tatu, nne, tano. Hizo namba zilimwambia nesi mengi kuliko video yangu, ambayo ilikuwa inaganda sura ya mama mdomo wazi, sisi huku tunaangua kilio, kumbe mtandao tu. Mama mwenyewe aliikataa. "Zima hicho kioo, niongee na mtu."

Picha ya kidonda itumwe kwa nesi peke yake. Binamu yetu aliitupia kwenye kundi la ukoo ikafika mpaka kwa mchungaji. Sheria ya taarifa binafsi ipo, ya Kenya ni ya 2019 na ya kwetu 2022, lakini ukoo hausomi sheria. Ugombe mwenyewe.

Kutoka: wa Lang'ata
Jumatatu jioni

Mimi ni nesi, na wagonjwa wa namna hii ndio kazi yangu. Nianze na la Namanga: usithubutu. Morfini inadhibitiwa pande zote mbili za mpaka. Ukikutwa na chupa isiyo na karatasi halali, na mgonjwa mwenyewe hayupo kwenye gari, hiyo ni kesi ya dawa za kulevya. Tena wewe unayesubiri kibali!

Kwa umio, morfini ya maji ndiyo inayofaa, maana vidonge havipiti. Nguvu yake hudumu kama saa nne, ndiyo maana hutolewa kila baada ya saa nne hata kama Mzee hajalalamika. Tukingoja alalamike tumeshachelewa. Dada yako asome lebo ya chupa mbele ya nesi. Kuna morfini nyepesi na kuna iliyo kali mara kumi yake, kwa hiyo mililita tano za chupa hii huenda si mililita tano za ile. Apime kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, kijiko cha chai akiache kwenye sukari. Aulizie dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile, wasije wakafika siku sita kama mama wa Umoja. Aulize pia afanye nini maumivu yakija kabla ya saa. Na akiona Mzee anasinzia mpaka haamshiki, au pumzi imekuwa ya taratibu mno, dozi inayofuata asimpe. Apige simu palepale, asingoje Jumanne.

Watu watamwambia hiyo ni dawa ya kufia. Nimeyasikia hayo Kibera, nimeyasikia Tanga. Waganda wanatumia morfini ya maji tangu miaka ya 1990, na tangu 2004 manesi wao waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuiandika wenyewe. Mgonjwa aliyepewa dozi yake sawasawa anakaa kitako, anaulizia ng'ombe wake, anagombana na wajukuu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila watu 100 wanaohitaji tiba shufaa, wanaoipata ni kama 14 tu. Kwa hiyo mkimpata nesi anayepokea simu, mtunzeni. Msimpigie saa tano ya usiku kumuuliza kama mbegu za ufuta zinatibu saratani. (Ndiyo, nimepigiwa.)

Wenye wagonjwa hapahapa mjini, anzieni Nairobi Hospice, ndani ya eneo la Hospitali ya Kenyatta. Wapo tangu 1990.

Kutoka: wa Eastleigh
Jumanne

Mnasema simu, simu. Kwetu Uvinza simu janja ya mtoto wa shangazi ilikuwa pambo. Tulinunua kitochi, hiki Wakenya wanachokiita mulika mwizi. Kinashika mtandao pale nyingine inapokata, na chaji inakaa siku kadhaa. Nyie wa milimani fanyeni hivyohivyo.

Kutoka: wa South B
Jumanne usiku

Asanteni sana. Leo nimempata mtu wa hospitali ya wilaya, dada anakwenda kesho kuchukua chupa.

Kuna jambo nimeona haya kulisema mwanzoni. Baba hajui kama ni saratani. Tulimwambia ni vidonda vya koo. Nesi akitaka kuongea naye mwenyewe tutafanyaje?

Kutoka: wa Umoja
Jumatano alfajiri

Kaka, wa kwetu aliuliza kabla hajapewa mama: "Mgonjwa anajua nini?" Tukababaika. Akasema yeye hatadanganya, ila hatajibu asiloulizwa. Tukampa simu, tukatoka nje roho mkononi. Waliongea muda mrefu. Tulipomuuliza mama wameongea nini, akasema wameongea habari za mvua.

Baada ya mazishi nesi alinipigia kunipa pole. Ndipo akaniambia maneno ya kwanza ya mama siku ile yalikuwa haya: "Hawa wanangu wanadhani sijui. Usiwaambie kwamba najua."

Mwacheni nesi aongee na Mzee. Wewe usiwe kwenye laini.

Kutoka: wa South B
Ijumaa asubuhi

Nimefanya hivyo. Nilikata simu mwenyewe, nikakaa kwenye ngazi za fleti nikiitazama kama nimefukuzwa. Sijui waliongea nini na sijauliza.

Jana jioni vidole vinne. Leo alfajiri dada anasema viwili, na Mzee ameomba aegemezwe mto aswali.

Kuna anayepanda basi la Dar kupitia Namanga wikendi hii? Nina mzigo mdogo: kitochi, daftari na mabomba matatu ya mililita kumi, matupu kabisa, hakuna dawa humo wa Lang'ata usinigombeze. Nitauleta stendi mwenyewe na nauli yake nalipa. Gari likisimama Mombo dada atakuwa pale, hata iwe usiku.