Dolby Digital au DTS: upi unabana sauti ya chaneli sita vizuri zaidi?

Mawimbi: Wanajukwaa, nina DVD yenye sauti ileile katika mifumo miwili: Dolby Digital ya kilobiti 448 kwa sekunde na DTS ya kilobiti 754. Nikihamia DTS, sauti inajaa chumba papo hapo. Je, ni wingi wa biti?

FundiMasafa: Sawazisha kwanza ukubwa wa sauti. Dolby Digital hubeba namba inayoieleza risiva (mashine inayopokea sauti na kuendesha spika) kiwango cha mazungumzo. Ikiwa ni desibeli -27, risiva hupunguza sauti yote kwa desibeli 4 ili mazungumzo yafike -31. DTS kwa kawaida haipunguzwi hivyo, na sikio, likipewa sauti mbili, huisifu ile iliyo kubwa.

SikioTulivu: Naongeza kwamba kilobiti za mifumo miwili hazilinganishwi kama kilo za unga. Chaneli sita zisizobanwa, zenye sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 48,000 kwa sekunde na biti 24 kila sampuli, ni kilobiti 6,912. Kufikia 448 ni kupunguza zaidi ya mara kumi na tano. Dolby Digital hukata sauti katika vipande vya sampuli 512 vinavyopandana, huvigeuza kuwa masafa, kisha huyanyima biti masafa yanayofunikwa na jirani zao wenye nguvu. Biti zikiadimika, masafa ya juu ya chaneli kadhaa huunganishwa, na kinachobaki cha kila chaneli ni kiasi cha nguvu yake tu. DTS huigawa sauti katika kanda 32 za masafa, hutabiri mwendo wa wimbi na kuandika kosa la utabiri. Njia hiyo hula biti nyingi zaidi.

Mawimbi: Nimepandisha Dolby kwa desibeli 4. Mazungumzo na besi sasa sivitofautishi. Kwenye onyesho la mvua tu, matone ya spika za nyuma yanasikika kama mchakacho mmoja, ilhali kwa DTS naweza kuyaonyesha kwa kidole.

SikioTulivu: Huenda ndiyo athari ya kuunganisha masafa ya juu.

WayaMmoja: Mwenye Blu-ray achague TrueHD ya Dolby au DTS-HD Master Audio, ambazo hurejesha kila biti ya sauti iliyobanwa. Zinahitaji HDMI, na zikipitia kwenye runinga kwanza, eARC, yaani njia ya HDMI inayotoa sauti kutoka runinga hadi risiva. Waya wa mwanga hauzipitishi, ingawa DTS-HD Master Audio ina kiini cha DTS ya zamani kinachopita humo.

Mawimbi: Wangu ni waya wa mwanga, kwa hiyo nabaki na DTS.