Tupeane uzoefu: hadithi ya fumbo au ya "itaendelea" iliyokunyima usingizi

Wenzangu wa Mombasa, salaam. Naanza mie, na wangu ni Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabu vya Muhammed Said Abdulla. Nilianzia Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960, nakala ya babu isiyo na jalada. Msa ana kiko chake, ana sahibu yake Najum, anatazama na kunyamaza. Akija kufungua fundo, waona dalili zilikuwa mbele yako na ukazipita. Mie napenda kushindwa hivyo, kwa haki. Hadithi ambayo muuaji anazuka ukurasa wa mwisho, hatukuwahi hata kusikia jina lake, hiyo naitupa. Haya, leteni zenu.

Binti Kibokoni: Bibi yetu! Umeme ukikatika tu, "Paukwa!" "Pakawa!" Akifika pale mlango unapogongwa usiku wa manane, asema nendeni mkalale. Kutwa chuoni twabishana ni nani: kaka yangu ashikilia ni zimwi, mie nasema mume karudi safari. Nadhani bibi alikuwa akitusikiliza, kwani usiku wa pili mgongaji hakuwa yeyote tuliyemtaja.

Abiria wa Feri: Mie nasoma kwa simu nikingoja feri Likoni. Kuna mwandishi alitufikisha kaburi lafukuliwa, sanduku lafunguliwa... "anayetaka zilizobaki atume mia." Nikatuma! Sehemu zilizofuata zilikuwa fupi kama risiti, na mle sandukuni mlikuwa na sanduku jingine.

Sina Subira: Nangoja iishe, naisoma yote usiku mmoja.

Mwanzisha mada: Na ubishi wa barazani je? Mwaumaliza na nani?

Mwalimu Mstaafu: Mnamjua Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza? Mtunzi wake, Arthur Conan Doyle, alimchoka, akamuua Desemba 1893, kwa kumwangusha kwenye maporomoko ya maji Uswisi. Wasomaji waling'aka, wengine wakaacha kulinunua gazeti lililokuwa likizichapa hadithi hizo. Mwaka 1903 akamfufua, na aliweza kwa kuwa maiti haikuonekana. Mamangu hajasoma hata moja katika hizo, lakini shujaa wa mchezo wake wa redio alipozama baharini alisema palepale: "Mmeiona maiti? Basi hajafa huyo."

Binti Kibokoni: Akarudi?

Mwalimu Mstaafu: Karudi, na mke wa pili. Mama ndipo alipotaka afe kweli.