Naomba ushauri: bakteria wa udongo dhidi ya mnyauko wa nyanya

Assalaam aleikum wakulima wenzangu, na shikamooni wakubwa.

Nalima nyanya Mwakirunge, huku Kisauni. Msimu huu tena mimea inanyauka pale pale inapoanza kuzaa. Majani ya chini yanageuka manjano upande mmoja, kisha mmea wote unalala. Nikipasua shina karibu na mizizi naona mistari ya kahawia. Nilitumbukiza kipande cha shina kwenye glasi ya maji na hakikutoa uzi mweupe wa bakteria, kwa hivyo naamini ni ukungu wa Fusarium, si mnyauko wa bakteria.

Nimeng'oa na kuchoma iliyougua, nikabadilisha zao nikapanda mahindi, nikatia samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Afueni ni ndogo. Ukungu huu hukaa ardhini miaka mingi, na dawa ya kupulizia majani haiufikii.

Kinachonipa moyo ni bakteria wanaoukandamiza. Pseudomonas huunyang'anya madini ya chuma, na baadhi yao hutoa kemikali za kuuzuia. Bacillus nao hutengeneza spora, yaani chembe ngumu za kujihifadhi, zinazostahimili ukame. Lakini duka la pembejeo lina chupa ya Bacillus wa aina moja tu, na bei yake si mchezo.

Kwa aliyejaribu: je, aina hiyo moja inatosha, au heri niongeze mboji ili bakteria wa aina nyingi wastawi pamoja? Na kwa mchanga wetu unaokauka upesi, niwatie kitaluni au siku ya kupandikiza?