Wakuu, kugandishwa moyo kwa kipira: niende au nitulie?

Kipigo Kombo: Wakuu, habari za mchana. Nina AF, ugonjwa wa mapigo ya moyo, mwaka wa 2 sasa, moyo unadunda ovyo, ngazi za ghorofa moja tu nahema kama nimekimbizwa na mbwa. Dawa hazishiki. Nimeelekezwa India, kuna tiba ya kugandisha. Aliyepitia anieleze, inauma? Tiketi ni ya tarehe 19.

Samaki wa Feri: Moyo kugandishwa? Mtalaka wangu alijifanyia mwenyewe, wala hakupanda ndege.

Mpemba Mtulivu: Nilifanyiwa Chennai. Hawapasui kifua. Wanaingilia mshipa wa kinenani, wanatoboa ukuta wa kati ya vyumba vya juu, kipira kinajazwa kwenye mdomo wa mshipa unaotoka pafuni. Gesi ikiingia baridi inashuka nyuzi 40 na kitu chini ya sifuri, dakika 3 au 4, halafu mshipa mwingine. Mimi ilikuwa minne. Kovu linalobaki ndilo linaziba njia ya umeme mbovu. Nilikuwa nimesinzia tu. Kichwa kilinikamata kama mtoto aliyebugia barafu ya ukwaju, na mbavu za kulia zikirushwa kwikwi mfululizo. Kumbe wanaistua neva ya kiwambo cha kupumulia makusudi. Kwikwi ikilegea, ujue neva nayo inaganda, wanakata gesi.

Mama Salha: Mume wangu aliacha kahawa akasamehe ndugu zake. Yuko vizuri.

Nesi wa Zamu: Dawa ya kuzuia damu kuganda unatumia ipi? INR, kile kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ya mwisho ngapi?

Kipigo Kombo: Hizi hizi za kawaida.

Nesi wa Zamu: Nimeuliza jina, baba.

Kipigo Kombo: Warfarin. Niliiacha wiki 5 zilizopita, fizi zilikuwa zinavuja damu. Nipo na kitunguu saumu na tangawizi, nafuu naiona. Na si naenda kutibiwa? Ya nini tena kuimeza?

Nesi wa Zamu: Chumba cha juu kushoto kikitetemeka bila kusukuma, damu inatuama, inafanya donge. Wapitishe mrija humo donge lichomoke, linakwenda kichwani. Hata wakimaliza salama utaimeza miezi 2 au zaidi. Kapime INR kesho, na India uwaambie kabla hujapanda ndege, wakupitishie mrija wa ultrasound kooni waukague moyo kwanza.

Kipigo Kombo: Hoteli nimeshalipia.

Bingwa wa Chai: Chai hii, leteni maandazi. Mwezi wa 3 akaunti hii ilikuwa na miaka 26, inatafuta mchumba mrefu mcha Mungu. Leo ina AF na hoteli?

Kipigo Kombo: Simu ni ya kijana wangu. Mchumba gani?

Samaki wa Feri: 😂😂 Mzee kafukua kaburi.

Kipigo Kombo: Mrejesho: INR 1.1, ipo chini. Kliniki wamenirudisha kwenye warfarin, India wamesogeza tarehe. Hoteli wamekula hela yangu. Kijana tangu jana anakulia chumbani kwake.

Mama Salha: Urefu anataka futi ngapi? Nina mpwa wangu Tanga.